Mtani Hajamaliza

Mwanangu, kuna jambo nimelikana mbele ya ndugu, mbele ya wanafunzi, na siku moja hata mbele ya mume wangu: kwamba mtoto aliyepiga kelele "Babu, karibu ukae!" kwenye matanga ya babu yangu alikuwa mimi. Siku zote nimesema alikuwa Salima, binamu yangu. Salima ni mpole, hakuwahi kubisha. Nami nina shahada, na mwenye shahada hatakiwi kuwa amemkaribisha marehemu mkekani.

Nakumbuka siku ile pale Ruponda, enzi za matrekta ya Waingereza waliokuja kulima karanga Nachingwea. Babu alikuwa amekwishazikwa, watu wamekaa uani alasiri, na Bibi yuko ndani, ameanza eda. Ndipo akaingia Che Ndembo, mtani wetu, Myao kutoka upande wa Ruangwa, amevaa koti la Babu na kofia yake. Labda wewe hujaona: kwetu Wamwera mtani ana haki ya kumwiga marehemu mbele ya wafiwa, na anayekasirika ndiye anayechekwa.

Alianza na ubahili wa Babu. Akachukua njiti ya kiberiti, akaipasua katikati kwa kisu.

"Nyie Wamwera mnawasha moto kama vile Mzungu wa karanga ndiye baba yenu! Nusu ya leo, nusu ya kesho!"

Watu wakavunjika mbavu. Mimi niliona Babu anazikwa mara ya pili, safari hii bila sanda. Niliogopa kwamba Ruponda nzima itamkumbuka kwa njiti ile tu. Nikaruka, nikamnyang'anya kofia.

"Mrudishie!" Ilikuwa sauti ya Bibi, kutoka ndani. "Mtani hajamaliza."

Nikarudisha. Che Ndembo akaivaa polepole, akaketi mbele ya sinia la ugali. Akakohoa, kile kikohozi cha Babu cha kukwangua koo. Akatazama njia iendayo Nachingwea. Kisha akamega tonge la kwanza, akaliweka pembeni ya sinia, asiliguse tena.

Kila mtu pale alijua tonge lile ni la nani. Lilikuwa la baba yangu mdogo, aliyekwenda vita vya Burma asirudi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Babu aliwabishia kila siku, kwa tonge moja. Nywele zilinisimama. Nilijua kabisa yule ni Che Ndembo, na nilijua kabisa ni Babu, na hapo ndipo mtoto fulani alipopiga kelele.

Chuo kikuu walinipa majina ya mambo niliyoyaona. Mtu wa njiti peke yake, mwenye tabia moja, ni mhusika bapa. Mtu wa njiti na tonge, anayebania moto huku akimwekea chakula asiyerudi, ni mhusika duara, na kule kuvutana ndani yake ndiko mgogoro. Ua ule na ile njia ni mandhari. Che Ndembo ndiye msimulizi: alichagua kipi tukione kwanza na kipi kisubiri. Niliyaandika yote kwenye mtihani, nikafaulu, nikaringa sana. Kusimama kwa nywele sikukuandika, sikujua kunaitwaje. Mpaka leo sijui.

Basi mwanangu, nyumba njema si mlango. Ukisoma hadithi, usiwahi kumvua mtu kofia. Akikuchukiza mwanzoni, endelea naye. Tazama mikono yake inafanya nini mdomo ukinyamaza, na ujiulize anayesimulia amekuwekea nini pembeni. Mungu akupe macho, akupe na subira ya kulingoja tonge.

Juzi nilimpigia simu Shangazi Zuhura, yuko Mnero. Ndiye pekee aliyebaki kati ya waliokaa ndani na Bibi siku ile, na nilitaka anishuhudilie kwamba alikuwa Salima. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Salima! Salima alikuwa kwao Mtua, anaumwa surua. Ni wewe, msomi wetu. Sasa unaona aibu ya nini? Yule alipokohoa tu, hata hujafungua mdomo, bibi yako alishasogea."

"Alisogea wapi, Shangazi?"

"Ukutani, mwanangu. Akaacha mkekani nafasi ya mtu mmoja."