Waya wa Simu ya Upepo

Nikimwona bodaboda anaendesha huku amebana simu ndani ya kofia, namtukana hadharani. Ujinga huo niliujua miaka ya tisini, kabla simu za mkononi hazijafika kwetu.

Binti yangu alishikwa na uchungu Kahama, mtoto amekaa vibaya. Dereva wa mnunuzi mmoja wa dhahabu akatupa lifti ya kwenda hospitali Kolandoto. Garini alikuwa na simu ya upepo ya kuzungumza na wenzake machimboni. Mkono mmoja usukani, mwingine kipaza sauti, akibwabwaja njia nzima. Tulikosa kidogo kugonga mkokoteni wa ng'ombe.

"Baba, weka chini hicho kidude," nikamwambia.

"Bibi, hakuna sheria inayonikataza. Tulia."

Mara simu ikakoroma: duara limetema! Yaani kuna shimo limetoa dhahabu, na mnunuzi anayewahi ndiye anayeipata. Akakanyaga breki, akaanza kugeuza gari turudi machimboni, na binti yangu analia pale pale kando yake.

"Duara lipi? Liko wapi?" akauliza kwa pupa.

Kabla hajajibiwa nikaushika waya wa ile simu, nikaung'oa, ikazima.

"Mchawi wewe! Sijasikia ni wapi!"

"Basi huna pa kurudi. Twende hospitali."

Alinitukana Kisukuma na Kiswahili mpaka Kolandoto, lakini mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Mjukuu wangu alizaliwa mzima. Yule dereva sikumwomba radhi, na simwombi.