Aliniambia Mbili Mbili, Nikaandika Mbili

Ofisini waliniita Mama Chapchap, na jina hilo nililipenda. Barua ukiniletea saa mbili asubuhi, saa tatu ina muhuri. Mimi ni mtoto wa mjini Dodoma. Upande wa baba walikuja na misafara ya zamani wakabaki wakifanya biashara, na mama yangu ni Mrangi wa Busi, kule Kondoa. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, mume mmoja, mabinti wawili, na afya ya punda. Sikuwahi kulazwa hospitali ila kwa kujifungua.

Ugonjwa wangu siwezi kuusimulia nikauanzia tumboni. Ulianzia mezani kwangu, kwenye ofisi za wizara pale Mtumba, miaka minne kabla sijaugua.

Ijumaa moja mchana aliingia kijana mrefu, shati jeupe, kola ina vumbi la safari. Akasema, "Shikamoo mama. Naitwa Dokta Elia, natokea hospitali moja upande wa Kondoa. Nataka kusomea ubingwa wa upasuaji."

"Marahaba. Fomu ya ruhusa hii hapa."

"Kabla sijajaza mama, naomba kujua chuo cha kufundisha mabingwa kina nafasi ngapi za upasuaji mwaka huu. Mganga mfawidhi wetu kasema zikiwa chache hatasaini. Tupo wawili tu tunaopasua pale."

Ningeweza kumwambia aje Jumatatu. Lakini Mama Chapchap hasemi njoo Jumatatu, tena jioni ile nilikuwa na sendofu ya kumuaga mtoto wa dada yangu anayeolewa na kichwa changu kilikuwa bado hakijasukwa. Nikapiga simu chuoni. Laini ilikuwa inakwaruza. Karani wa kule akaniambia, "Upasuaji ni mbili mbili, dada." Nikasema sawa, nikakata. Nilidhani karudia kwa sababu ya ule mkwaruzo, kama tunavyorudia sote. Nikachana kipande cha karatasi nikaandika: *Upasuaji, 2.*

Dokta Elia aliitazama karatasi ile. "Mbili nchi nzima?"

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Jaribu mwakani."

Akaikunja, akaitia mfukoni, akanishukuru kwa adabu zote. Fomu akaiacha mezani.

Siku kumi baadaye waraka wa chuo ukafika. Nafasi mbili kwa kila hospitali ya kufundishia, na hospitali zilikuwa tano. Mbili mbili. Zilikuwa kumi! Siku ya mwisho ya kuomba ilikuwa bado siku nne mbele. Namba ya simu ya yule kijana ilikuwa kwenye daftari la wageni, hatua tatu kutoka kiti changu. Nikajisemea, atakuwa ameshajua mwenyewe, madaktari wana magrupu yao. Nikaupachika waraka kwenye faili nikaendelea na kazi. Kusikia vibaya kunaweza kumpata yeyote. Zile hatua tatu ndizo ninazozijutia mpaka leo.

Sasa tuje tumboni.

Mwaka jana nilichukua likizo nikaenda Busi kumsaidia mama mdogo Hadija kuvuna alizeti. Siku ya tatu, baada ya ugali na mlenda, tumbo likaanza kuuma kitovuni. Nikatapika mara mbili. Nikasema ni gesi. Kesho yake maumivu yakahamia chini upande wa kulia, nikawa natembea nimejikunja, mkono umeshika nyonga. Mama mdogo akanilaza kwenye mkeka akanichua kwa mafuta ya alizeti, na mimi namwambia kandamiza hapo hapo. Tulikuwa tunachezea moto, na wala hatukujua. Akasema, "Twende hospitali, Zainabu." Nikamjibu, "Mama mdogo, kwa gesi tu?" Nikanywa dawa ya vidonda vya tumbo niliyokuwa nayo kwenye pochi.

Siku ya tatu ya maumivu, kama saa nne asubuhi, yakakatika. Hivyo tu, ghafla. Nikasema alhamdulillahi, nikaomba uji. Mama mdogo akafurahi akarudi shambani. Alipotoka huko mchana alinikuta natetemeka, midomo imekauka, tumbo limevimba na limekuwa gumu kama ubao. Akiligusa kwa kidole kimoja nilikuwa napiga kelele. Jirani mwenye gari akatubeba. Kila shimo la ile barabara nalikumbuka.

Hospitalini niliwekwa kwenye kitanda cha magurudumu. Daktari akaja akanibonyeza, akaachia, akatikisa kichwa. "Mama, lini maumivu yalikatika?"

Niliijua sauti kabla sijaujua uso. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimeanza kurudi nyuma, lakini ni yeye. Nikafumba macho nikiomba asinitambue. Aibu gani hiyo, unakufa na bado unajificha!

"Asubuhi," nikasema.

"Hapo ndipo kidole tumbo kilipopasuka. Usaha umeenea ndani." Akamgeukia mama mdogo. "Bingwa yuko Dodoma. Nimempigia, amesema mgonjwa hataimaliza safari ya kwenda huko. Nitafungua mimi, yeye ataniongoza kwa simu pale nitakapokwama. Mnakubali?"

Mama mdogo akaweka dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa. Mimi nikasaini, na ile saini yangu ya ofisini sikuweza kuimaliza.

Niliamka koo linaniwasha, mpira puani, mpira kwenye njia ya mkojo, na upande wa kulia wa tumbo kuna mfuko umebandikwa. Ndani ya mfuko kuna maji ya rangi ya haradali. Dokta Elia alikuwa amesimama miguuni kwangu. Akanieleza polepole: kidole tumbo amekitoa, usaha ameusafisha, ila mwanzo wa utumbo mpana ulikuwa umeoza akaukata. "Kuunganisha palepale kwenye usaha ni hatari, na mimi si bingwa mama. Kwa hiyo nimeutoa utumbo nje. Kwa muda choo kitapitia hapo."

"Kwa muda gani?"

"Ataamua bingwa wa Dodoma." Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Hawajambo kazini Mtumba, lakini? Mlikuwa na foleni ndefu siku ile."

Alinitambua tangu mwanzo. Nililia mpaka mshono ukauma.

Miezi mitano niliishi na ule mfuko. Sitaficha. Ulikuwa unavuja usingizini, ngozi pembeni ikachubuka ikawa mbichi, na hewa ilikuwa ikitoka kwa sauti wakati wowote, hata mbele ya wageni. Nilikonda kilo nyingi. Nilimwambia mume wangu, Baba Ramla, ahamie chumba kingine. Akasema, "Nihame niende wapi? Nimekuoa wewe, sikuoa tumbo." Akajifunza kubadilisha mfuko vizuri kuliko mimi. Nilikuwa nimeacha kuswali, nikiona udhu wangu haukai. Yeye ndiye aliyekwenda kumuuliza shehe, akarudi na jibu: tawadha kila wakati wa swala unapoingia, kisha swali hivyo hivyo ulivyo, Mungu anajua. Siku hiyo niliswali huku ule mfuko unanguruma, nikacheka katikati ya swala, nikaanza upya.

Bingwa wa Dodoma, mama mmoja mkali mwenye miwani, alinipima kabla ya kuniunganisha utumbo. Alisoma barua ya rufaa, akalitazama kovu langu kwa muda mrefu, akalipitishia kidole. "Aliyekufungua ana mkono mzuri sana. Huyu kasomea wapi ubingwa?"

"Hajasoma, dokta."

"Mtu kama huyu! Kwa nini hajasoma?"

Mimi, Mama Chapchap, mwenye jibu la kila mtu! Nililala kwenye kile kitanda nikitazama dari.

Upasuaji wa pili ulienda salama. Siku ya nne nikapitisha upepo kwa njia yake ya asili, na wodi nzima ya kina mama ikanipigia makofi. Kama hujawahi kuupoteza huwezi kujua raha yake.

Nilipopata nguvu nilifanya jambo moja kabla ya kurudi kazini. Nilikwenda chuoni mwenyewe, kwa miguu yangu, nikaomba orodha ya nafasi za upasuaji za mwaka huu, hospitali kwa hospitali, kwa maandishi, na muhuri. Kisha nikaenda Kondoa.

Nilimkuta Dokta Elia anakunywa chai ya saa nne, amesimama. Nikamweleza yote. Simu, mkwaruzo, mbili mbili, waraka, siku nne, daftari la wageni. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitaka anifokee. Ningepumua.

Akasema, "Zilikuwa kumi?"

"Kumi, mwanangu."

Akaweka kikombe chini. "Mama, wewe uliandika mbili. Mimi ndiye niliyeona mbili nikasema hazinihusu. Kosa tumegawana."

Sikukubali mgawanyo huo, na bado sikubali. Nikampa orodha. Aliisoma mstari kwa mstari, kwa kidole, akachelewa kidogo mahali fulani, nadhani ni kwenye jina la hospitali aliyoitaka zamani. Halafu akaikunja vilevile kama siku ile, lakini hakuitia mfukoni. Alinirudishia.

"Mwenzangu tuliyekuwa tunapasua naye alihama mwaka juzi," akasema. "Nimebaki peke yangu. Mke wangu anafundisha hapa, watoto watatu, na baba yangu kapooza, namgeuza mimi. Nafasi zipo, mama. Mimi ndiye sina nafasi."

Nesi akamwita, kuna mama mjamzito kaletwa anatoka damu. Akaimaliza chai kwa mkupuo mmoja akaondoka mbio.

Ndugu zangu, nimepona. Namshukuru Mungu, na mama mdogo na dole gumba lake, na Baba Ramla ambaye hakuhama chumba. Tumbo likianza kitovuni likashuka kulia, usilichue, usilidanganye kwa dawa za kwenye pochi. Maumivu makali yakikatika ghafla yenyewe, usiombe uji kama mimi. Kimbia hospitali. Na wewe unayekaa nyuma ya meza, mtu akikuuliza ngapi, na wewe muulize vizuri unayempigia simu: ngapi, na za wapi? Ukigundua umekosea, inuka. Ni hatua tatu tu.

Siku hizi ofisini wananiita Mama Rudia, maana kila namba ninayotajiwa naomba irudiwe, na watu wananicheka. Nawaitikia. Ile orodha yenye muhuri ninayo kwenye droo ya meza yangu, imekunjwa alivyoikunja yeye. Kila mwaka nitaomba nyingine mpya, nimpelekee.