Neema amemkimbia baba yake

Leo mwanangu amemkimbia baba yake mzazi, jamani.

Baba Neema hutafsiri filamu kwenye kibanda cha video hapa Rwamgasa, kwa kipaza sauti. Ya leo unaona kila kitu kwa macho ya muuaji, basi naye akaongea kama muuaji: "Nina panga. Nakuja. Jificheni tu."

Spika ziko nje, na sisi tunakaa jirani. Neema, miaka mitatu, kasikia yote.

Mchana baba karudi kula, mtoto kaingia uvunguni.

"Neema, toka, ni mimi baba."

Akajikojolea!

Nimemwambia mume wangu filamu za damu basi. Amekubali. Lakini mtoto kaning'ang'ania shingoni: "Mama, nyamaza, atatusikia."

Baba yake kakaa nje na ugali wake, anaogopa hata kukohoa.

Mama wenzangu, nifanyeje?