Sufuria Imevishwa Blanketi, Mama Anatetemeka

Admin, nifiche kabisa, kwa sababu huku kwetu watu wakisoma wataanza kuulizana huyu ni nani. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nimeolewa Taita, huko juu milimani. Nafanya kazi ya duka hapa Voi, kwa hivyo nakaa huku na watoto na napanda nyumbani Jumamosi jioni. Mume wangu yuko juu, analima na anamwangalia mamake ambaye miguu imekataa. Hilo neno "anamwangalia" ndilo limenifanya niandike.

Wenye mnajua Taita mnajua baridi ya Julai. Ukungu unaingia mpaka ndani, nguo hazikauki, na kuni ukizipata ni mbichi. Mwaka huu akina mama wa kanisa walifundishwa kupika bila kumaliza kuni. Unachemsha chakula kidogo, unakitoa motoni kikiwa bado kinatokota, unakifungia kwenye kikapu kilichojazwa matambara na majani makavu ya mgomba, na kinajimalizia chenyewe. Kitu kizuri, sikatai. Lakini mume wangu alikichukua utadhani ni yeye amekivumbua. Kila nikipanda nahubiriwa kuni. Majirani wakawa wanakuja kuonja pure yake, mahindi na maharagwe, laini kabisa na hakuna aliyepuliza moto. Akasifiwa mpaka akavimba kichwa.

Sasa ile pure ilikuwa na harufu. Harufu ya dawa ya kuchua, ile ya magoti ya wazee, na chini yake uvundo fulani. Nilipomwuliza alicheka, akasema pua za watu wa Voi zimezibwa na vumbi. Nikameza, ningefanyaje, na mama mkwe alikuwa ananiangalia tu.

Wiki jana tajiri wangu alifiwa, duka likafungwa, nikapanda Alhamisi bila kumwambia mtu. Nikaingia kwa mama mkwe kwanza. Nilimkuta amejikunja kitandani na leso mbili, meno yanagongana. Nikamwuliza blanketi liko wapi, lile zito nililomnunulia mimi mwenyewe. Akageukia ukuta. Nikaenda jikoni. Sufuria ya pure ilikuwa imekaa pembeni, imevishwa blanketi la mama na kufungwa vizuri kama mtoto mchanga. Nikalifungua. Lilikuwa limelowa mvuke, linanuka dawa na mkojo, kwa sababu mama siku hizi hawahi choo. Na hicho ndicho tulichokuwa tukila, jamani. Hicho ndicho majirani walikuwa wakilambia vidole. Nilitoka nje nikatapika kwenye migomba.

Mume wangu aliporudi kutoka shambani hata hakushtuka. Alisema kutengeneza kikapu ni kujisumbua bure na blanketi liko, tena mama anarudishiwa jioni, mchana si kuna jua. Jua gani, Julai ya Taita? Nikamwambia namshukisha mama Voi kwenye joto akae na mimi. Akasema nikimtoa mamake kwa hiyo nyumba nibebe na nguo zangu zote, nisirudi.

Aliyenimaliza ni mama mwenyewe. Nilikuwa namfunika na blanketi la kitanda changu, akanishika mkono.

"Mwanangu, nyamaza," akaniambia. "Usimwaibishe. Ni mimi nilimzaa."

Nikanyamaza, nikashuka kazini. Yule mwanamume namwona kinyaa, hata sauti yake kwa simu nafanya kuivumilia. Leo asubuhi amenipigia. Jumapili watu wa kanisa wanakuja kwetu kufundishwa na yeye, sufuria itakuwa kubwa, hata blanketi la mama na lile langu hayatatosha, kwa hivyo nipande na lingine zito.

Nikisema mbele ya wageni, nimemvunjia mama neno na ndoa yangu imekwisha. Nikinyamaza, hii baridi itamuua huku sufuria ikiwa imefunikwa. Wenzangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nishaurini kabla ya Jumapili, nawaomba.

Na kama unasoma hapa na umealikwa mahali Taita kufundishwa kupika bila kuni, ukifika, pitia kwanza chumba cha mama. Uangalie amejifunika nini kabla hujashika sahani.