Mtaa Ulipochukua Funguo Zake

Usiku wa kuhesabu kura tulikaa sebuleni kwa mdogo wangu, mimi na wifi yangu, mlango tumeurudishia tu bila kuufunga. Kura zilikuwa zinahesabiwa kwenye darasa la shule ya msingi, mwisho wa mtaa, na kutoka dirishani tuliiona taa ya darasa lile ikiwaka bila dalili ya kuzimwa. Wifi alikuwa anaomba mumewe ashinde. Mimi nilikuwa naomba ashindwe, ila ashindwe kwa kura chache, asije akaaibika.

"Wifi, mbona unatafuna kucha? Kwani wewe ndiye uliyegombea?" akaniuliza.

"Nawaza."

"Unawaza nini?"

"Ukubwa ni jaa. Kila mtu atakuja kumwaga taka zake hapa."

"Basi tutanunua pipa," akasema, akaendelea kuchungulia.

Mdogo wangu ni fundi wa vitasa. Jina alilopewa na wazazi hata mimi niliyembeba mgongoni silitumii tena. Mtaa mzima unamwita Fundi Kitasa. Kibanda chake ni kidogo, watu watatu wakiingia wa nne lazima asemee nje. Ndani ana mashine ya kuchonga funguo, makopo ya vitasa vilivyokufa, na ukuta wa nyuma uliojaa misumari. Kwenye misumari hiyo ndipo mtaa wetu ulipokuwa unaweka funguo za akiba.

Jambo lenyewe lilianza na mama mmoja aliyejifungia nje huku sufuria inaungulia jikoni. Fundi alikwenda kumfungulia na povu la sabuni masikioni, kisha akamwambia, "Niachie wa akiba, siku nyingine usinitoe bafuni." Mama akamwachia. Jirani yake naye akamwachia, na jirani wa jirani. Funguo hazikuwa na alama yoyote. Ukimuuliza anazijuaje, anakwambia kila ufunguo una sura ya mwenye nyumba. "Huu wa muuza nyama, uone, mnene na hauna haraka."

Miaka kumi na mitano, na hakijapotea hata kijiko kwenye nyumba ya mtu. Ndiyo sababu watu walimsukuma agombee uenyekiti wa mtaa. Aliyekuwapo kabla yake tulimwita Bwana Kesho, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilokuwa nalo. Ofisi ya mtaa aliifunga, daftari la wakazi hatukuwahi kuliona, na ukitaka barua ni kesho. Siku moja alipita nyumba kwa nyumba akiandikisha watu wa kupewa vyandarua. Tukatia sahihi kwa furaha. Vyandarua hatukuviona, lakini baada ya mwezi uwanja wa watoto ukazungushiwa uzio, ukawa yadi ya magari ya shemeji yake, na tukaambiwa wakazi wote tuliridhia kwa sahihi zetu.

Basi, taa ya darasa ikazimika, na kelele zikaanza. Zilikuja zikipanda na mtaa mpaka mlangoni kwetu, Fundi akiwa katikati yake, shati limepoteza vifungo viwili kwa kukumbatiwa. Alikuwa ameshinda. Wifi alilia. Mimi nilikwenda kuchemsha maji, maana mikono yangu ilihitaji kazi.

Asubuhi nilimpelekea chai kibandani. Mtu wa kwanza kufika alikuwa muuza nyama.

"Hongera sana, mheshimiwa."

"Asante, kaka. Usiniite mheshimiwa."

"Sawa, mheshimiwa. Naomba ufunguo wangu."

"Umepoteza wa kwako?"

"Ninao."

"Sasa?"

"Sasa wewe ni serikali."

Fundi alicheka, akadhani ni utani. Muuza nyama hakucheka. Alibaki amekinga kiganja mpaka ufunguo ukatua juu yake, akashukuru vizuri kabisa, akaenda zake. Nyuma yake walishajipanga watu sita. Kila mmoja alianza na hongera na kumaliza na ufunguo. Mmoja alimkumbatia kwa mkono mmoja huku mwingine unanyoosha kidole kwenye msumari. Kabla ya adhuhuri akafika Bibi Sindano, nesi mstaafu, ambaye nusu ya watu wazima wa mtaa huu bado wakimwona wanashika makalio.

"Hata wewe, Bibi?"

"Mwanangu, fundi nilimjua. Mwenyekiti simjui, kazaliwa jana usiku."

"Lakini kura ulinipa."

"Nilikupa. Kwani kura inafungua mlango wangu?"

Hadi jioni ukutani zilikuwa zimebaki funguo mbili, wa kwake na wa kwangu. Wangu niliuacha, lakini sitasema uongo: usiku ule nilikagua komeo la mlango, nikajiona mjinga, nikalikagua tena. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, hata kama ung'ongo wenyewe umezaliwa tumbo moja naye.

Baada ya wiki ikaja barua ya idara ya maji. Bomba jipya lingepita kwetu au mtaa wa pili, na idara ilitaka mambo mawili ndani ya wiki mbili: sahihi za robo tatu ya nyumba, na vipimo vya mahali bomba litakapoingilia, kuanzia nyumba ya kona. Tusipotimiza, bomba linakwenda mtaa wa pili. Sisi tulikuwa na mfereji mmoja kwa nyumba mia na ishirini. Binti yangu alikuwa anaamka kabla ya jogoo kushika foleni, na bado mwalimu alimjua zaidi kwa kuchelewa kuliko kwa jina. Hapo ndipo nilipoacha kuomba mdogo wangu ashindwe.

Alianza kuzunguka Jumatatu, daftari kwapani, tepu ya kupimia mfukoni. Mtu aliyekuwa anavutwa ndani anywe chai kila akipita, sasa alikuwa anazungumza na mbao.

"Hodi."

"Wamelala."

"Saa nne hii?"

"Walichoka kukupigia kura."

Nyumba nyingine walimpokea dirishani. "Hiyo karatasi ni ya maji kweli, au tutaamka tumeuza vyoo vyetu?" Akawasomea. "Umesoma vizuri. Na Bwana Kesho alisoma vizuri." Siku tatu zikaisha ana sahihi tisa. Tatu ni za ndugu, na moja ni ya mlevi wa mtaa aliyetia mara mbili kwa kupenda kalamu.

Nyumba ya kona ni ya Bibi Sindano. Yeye alikuwa amekwenda kwa dada yake, na kila Fundi akibisha, mlango ulikaa kimya. Alhamisi mchana nilikuwa naanika nguo, nikamwona amesimama pale kizingitini. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akachomoa waya mwembamba kwenye mfuko wa shati. Kitasa kilimwachia kama kinavyomwachia mwenyewe. Akaingia, dakika tano akatoka, akafunga, akafuta na kitasa kwa mkono wa shati.

Nikamfuata na kibanio cha nguo mdomoni.

"Umefanya nini?"

"Nimepima. Mita nne na robo. Sikugusa hata kikombe."

"Umeingia nyumba ya mtu."

"Dada, nyumba hiyo nimeingia mara ishirini."

"Ulikuwa unaitwa."

Nadhani hakuwa amelifikiria kabisa. Mlango uliofungwa kwake ulikuwa kazi tangu ujana wake. Haukuwahi kuwa jibu.

Muuza nyama naye alikuwa ameona. Saa kumi mtaa ulikuwa unajua kwamba mwenyekiti ameingia kwa Bibi Sindano kwa waya. Saa kumi na mbili waya ulikuwa umeshakuwa mtaimbo. Baada ya chakula cha usiku nikasikia kwa jirani kwamba alilala mle ndani na kujipikia.

Bibi Sindano alirudi Ijumaa. Hakupiga kelele. Alimleta fundi wa mtaa wa pili, aliyemfungia komeo jipya la chuma, na kila nyundo ilipogonga, mdogo wangu kibandani kwake alifumba macho. Mtu kukuchukia ni jambo moja. Kumpa kazi yako fundi wa mtaa wa pili, tena anayepinda skrubu, ni jingine. Kufikia jioni watano kati ya wale tisa walikuja kufuta sahihi zao. Mlevi hakufuta. Aliomba aongeze.

"Jiuzulu, baba watoto," wifi alimwambia mezani. "Urudi kwenye vitasa vyako."

"Nikirudi, nani ataniachia ufunguo?"

Tulikula.

Jumamosi asubuhi aliifungua ofisi ya mtaa, akakitoa kitasa cha mlango wake, akakipeleka kibandani. Kisha mashine ikaanza kulia. Ililia Jumamosi kutwa na Jumapili kutwa, mpaka kuku wa jirani wakahamia upande wa pili wa nyumba. Wifi akadhani mumewe anatafuta mahali pa kumalizia hasira. Jumatatu alipita tena nyumba kwa nyumba, safari hii bila daftari. Alibeba ndoo ya funguo mpya.

"Huu wa nini?" muuza nyama alimuuliza dirishani.

"Wa ofisi ya mtaa. Kila nyumba mmoja."

"Nikafanye nini huko?"

"Ingia saa yoyote. Daftari liko mezani. Ukikuta uongo, niite."

"Na muhuri?"

"Umefungwa mnyororo kwenye meza. Kuanzia leo sigongi barua bila wakazi wawili kutia sahihi pembeni."

"Na mwizi je?"

"Atakuwa mmoja wenu," Fundi akasema. "Mimi nimeshajulikana."

Kwa Bibi Sindano hakufunguliwa. Aliuweka ufunguo kwenye ukingo wa dirisha, akasema na komeo: "Bibi, niliingia kwako bila ruhusa yako. Sina cha kusingizia. Ile mita nne na robo nimeifuta." Ndani redio iliongezwa sauti.

Mimi usiku nilikuwa naviwaza viti vya ofisi. Nilikuwa na hakika tutaamka tukute meza tu, na muhuri unaning'inia. Lakini watu wa kwanza hawakuingia hata. Muuza nyama alifungua, akafunga, akafungua tena, akahakikisha ufunguo unafanya kazi, akaondoka. Jioni alirudi na mkewe. Wao ndio walioanza kulisoma daftari la Bwana Kesho kwa sauti, na sisi wengine tukajaa mlangoni.

"Nyumba namba thelathini na moja, familia ya watu saba."

"Thelathini na moja ni ipi?"

"Si kile choo cha shule?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Saba? Ndiyo maana kila ukienda kuna mtu."

Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kisha kicheko kikapungua chenyewe, kwa sababu kila mtu alianza kujitafuta. Mama mmoja alikuta ameandikwa marehemu, akauliza kama mchango wa msiba wake ulifika. Tukaikuta na karatasi ya uwanja, sahihi zetu chini, kichwa cha habari kimebandikwa juu kwa gundi. Muuza nyama aliinyanyua kwenye taa, tukasoma neno "vyandarua" kwa chini. Fundi alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha wageni, maana kile kikubwa kilikuwa kimekaliwa na wakazi wawili.

Tangu siku ile ofisi haikulala bila watu. Wengine walileta benchi. Fomu ya maji ilikaa mezani karibu na daftari, na waliokuja kusoma walisoma hiyo pia, mara mbili, mara tatu, wakainusa karibu kuilamba, wakatia sahihi. Kura tulimpa siku moja. Hiki kingine tulimpa kidogo kidogo, huku tunamtazama mikono. Alhamisi mchana sahihi zilikuwa tisini na nne, hata ukitoa za mlevi.

Ila nyumba ya kona ilikuwa bado. Bila kipimo chake ramani haina pa kuanzia, na ofisa wa maji angefika Ijumaa saa nne.

Alhamisi jioni Bibi Sindano aliingia ofisini kwa ufunguo wake mwenyewe. Alivaa miwani, akalifungua daftari la vipimo, akaanza ukurasa wa kwanza. Tulimpisha. Alisoma kama anayesoma cheti cha mgonjwa, kidole chini ya kila mstari. Alipofika nyumba yake, akakuta mita nne na robo imekatwa, na pembeni pameandikwa: "Kipimo kilichukuliwa bila idhini. Kosa la mwenyekiti." Alilitazama lile neno kosa muda mrefu. Akafunga daftari.

"Mwandiko wako mbaya," akamwambia Fundi, akatoka.

Ijumaa saa tatu na nusu Fundi alisimama kizingitini kwake. Nusu ya mtaa walikuwa na kazi ya kufagia karibu na hapo. Mimi mwenyewe nilishika ufagio mahali pasipo na taka.

"Hodi."

"Nani?"

"Mwenyekiti."

"Anataka nini?"

"Kupima ukuta wa jikoni, kwa ajili ya bomba. Ukikubali."

"Nikikataa?"

"Nitaandika umekataa, nitaondoka."

"Subiri. Nakunywa chai."

Akasubiri. Gari la idara ya maji likatokea mwisho wa mtaa, likawa linakuja polepole likikwepa mashimo. Muuza nyama akanong'ona, "Mheshimiwa, si una waya?"

"Nimeuacha nyumbani."

Gari likasimama. Ofisa akashuka na ramani yake, akatazama saa, akatutazama sisi na fagio zetu. Mdogo wangu hakugeuka. Mikono alikuwa ameifunga nyuma, nikaona kidole gumba kinakikandamiza kingine mpaka kimekuwa cheupe. Tulisikia kikombe kikiwekwa juu ya sahani. Tukasikia kandambili zikija bila haraka. Komeo likavutwa, kitasa kikazunguka mara mbili, na mlango ukafunguka.

Bibi Sindano alimwangalia kuanzia kichwani hadi chini.

"Vua viatu," akasema.