Uso wa Baba na Sindano za Mama Lin

Harufu ya spiriti kwenye pamba bado hunirudisha katika chumba kimoja cha nyuma ya depo, yaani duka la jumla, hapa Lubumbashi, kati ya maboksi ya malapa na chupa za chai zilizopangwa hadi darini. Nilikuwa na miaka tisa, na baba yangu alikuwa amelala chali, sindano zimemsimama usoni. Sisemi moja wala mbili. Zilikuwa kwenye paji la uso, shavuni, kidevuni, hata kando ya jicho, nyembamba kama nywele, zikitikisika kila alipovuta pumzi. Nilipigwa na butwaa hata nikasahau kulia. Kwetu Kenya, na nasema komini yetu ya Kenya hapa mjini, si ile nchi, kila mtoto alijua kwamba anayemchoma mtu sindano isiyo na dawa ndani ni mchawi. Na mchawi, siku zile, nilikuwa mimi.

Ilianza asubuhi moja Baba aliposukutua mdomo, maji yakamwagika upande. Jicho la kushoto likakataa kufumba, shavu likalegea, maneno yakawa yanatoka yamelowa mate. Hospitalini walimpa vidonge, wakamwambia asubiri. Lakini Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na fundi asiyeweza kufumba jicho hawezi kushika moto. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo shangazi yangu Régine, tuliyemwita Tantine, akaja kutoka Naviundu kutupikia. Hata mizigo yake hajaifungua vizuri, alikwisha pata jibu. Jioni ya kabla ya ugonjwa nilikuwa nimeunguza bukari, ndio ugali wetu, Baba akanigombeza, nami nikamkazia macho kama mtoto yeyote aliyenuna. Jirani aliona. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Haukupita muda, kina mama wakawa wanawavuta watoto wao ndani nikipita.

“Huyu mutoto njo alimupindisha papa yake,” Tantine alimwambia Baba mbele yangu, huku akichambua matembele. “Kama uso haurudie mbele ya Pasaka, namupeleka kwa maombi.” Nilipajua mahali pale, kwa wachungaji wa kutoa uchawi. Watoto walifungiwa humo bila chakula mpaka wakiri, na waliokiri hawakupokelewa tena kwao. Niliwaona sokoni, wamelala chini ya meza za wauza samaki. Husemwa kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nikamtazama mzazi wangu nikingoja auonyeshe. Baba alifuta mate kwa leso, akaenda kulala.

Mfa maji hukamata maji. Mama Lin, Mchina mwenye depo, alikuwa amemwagiza Baba geti, na alipoona geti halimaliziki alikuja mwenyewe, akamtazama usoni, akamvuta mkono waende. Mimi nilifuata kwa sababu Tantine alikataa kubaki nyumbani peke yake nami. Mama Lin alijifunzia Kiswahili dukani, akiuza, na hakuwa na maneno ya kupoteza. “Ndani ya mwili iko njia, sawa maji,” alituambia. “Njia ya papa imefungwa. Sindano inafungua.” Kisha akachukua sindano nyingine, na hapo ndipo nilipodhani ana wazimu: aliidunga mkononi, kwenye ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Uso ndio umepinda, yeye anachoma mkono! Lakini Baba, kwa mdomo wake wa upande, alielewa kuliko mimi. “Sawa tuyau ya gazi,” alisema, yaani ule mpira wa gesi ya kuchomelea. “Ikijikunja kule, moto unakufa huku.” Akasema anasikia uzito unampanda mkononi, kama mtu anayembonyeza kwa ndani. Nilifumba macho nikasali rozari nzima kwa ajili ya njia nisizoziona.

Tulirudi mara nyingi. Tantine alisema wanamloga ndugu yake mara ya pili, akaanza kumwekea chakula kwenye sahani ya peke yake. Mimi nililichungulia lile jicho kila siku, mpaka Baba akawa ananifukuza kama inzi. Kwaresima ilikuwa inakaribia kwisha na nilikuwa nimekonda kwa hofu. Kisha adhuhuri moja, tukiombea chakula, nikaiba kutazama, na macho yote mawili ya Baba yalikuwa yamefumba. Nililia machozi yakadondoka ndani ya mboga. Kufikia Pasaka mdomo ulikuwa karibu umenyooka. Tantine alitangaza kwamba sindano zimeutoboa uchawi wangu, akafunga mizigo, akarudi kwake bila kuniomba radhi. Nikimkumbuka, damu hunichemka hadi leo.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Nilisomea tiba ya viungo, na nyuso kama ule wa Baba huletwa kwangu hospitalini. Ni mshipa wa fahamu wa uso unaovimba na kubanwa, na kwa wengi hupona wenyewe kwa majuma au miezi, hasa wakiwahi vidonge. Kuhusu sindano, wengine bado husema njia za nguvu ya uhai hufunguka. Wengine husema zinaamsha mishipa ya fahamu, na ubongo unamwaga dawa yake wenyewe ya kutuliza maumivu. Wapo wanaosema kinachoponya ni kulala, kushikwa na kutumaini. Mimi sijui ni lipi lililomnyoosha Baba, na huenda ni siku tu zilizopita.

Juzi nilimweleza hivyo, tumekaa kwenye benchi mbele ya karakana yake, anatafuna karanga. Nilidhani atacheka. Aliwaza kidogo, akasema polepole, “Kumbe ningekupeleka kwa maombi bule.” Nikamuuliza, “Papa, ungenipeleka kweli?” Hakukwepa. “Ningefanya nini? Batu bote balikuwa banasema njo weye.” Akanisogezea karanga.

Siku hizi, mgonjwa mwenye uso uliopinda akiingia kwangu, kabla sijamgusa shavu namuuliza kwanza nyumbani kuna watoto gani.