Jiko la Susu na Rangi ya Viatu

Mtu akifungua kopo la rangi nyeusi ya viatu karibu nami, hata shuleni, harufu ile hunirudisha mtaani Kaloleni, uani kwetu, Julai ile nilipokuwa darasa la tano, baridi imeshika na jiko la kuni limewekwa juu ya mawe, bado halijafungwa bomba la moshi. Mama alilipata soko la Muthurwa, kuukuu, miguu imeliwa na kutu. Lilikuwa la kumpasha joto Susu, mama yake, ambaye kifua chake hakikuweza baridi. Baba alikubali, lakini kwa sharti: "Moshi ukionekana ndani ya nyumba hii hata mara moja, jiko linatoka, na Susu anarudi Mowlem kwa Mueni." Kwa mama mdogo Mueni ni ghorofa ya nne. Susu alikuwa akishinda humo amefungiwa, yeye na televisheni. Na mimi, mtoto wa kunyamaza, hakuna mwingine ila Susu niliyeongea naye mpaka mate yakanikauka.

Kazi ya kupaka rangi alipewa Anko Kioko, kaka yake Mama, mchonga vinyago. Aliparura kutu kwa brashi ya waya, vumbi jekundu likatujaa puani. Mama akamkumbusha anunue rangi ya kustahimili moto. Anko akacheka. "Hiyo ni ya mageti, dada! Twiga wangu wanafika hadi Ulaya." Basi akafanya kama afanyavyo kwa twiga wake wa mbao: akachovya kitambaa kwenye rangi ya viatu, akasugua na kusugua, mpaka jiko likang'aa kama buti la gwaride. Majirani wakaja kulisifu. Anko akainama alibebe ndani.

"Weka chini," Susu akasema. Kwao chungu kipya hakiingii jikoni kabla ya kuonjeshwa moto uani.

"Mama, hiki si chungu," Anko akanung'unika, lakini akajaza maranda, akawasha. Mwanzoni kimya. Kisha weusi ule ukatoka jasho, ukatiririka, na moshi mzito unaonuka ukapanda hadi kwenye nguo zilizoanikwa.

"Mama Ndinda, mnachoma viatu?" jirani akapaza sauti, akimwita Mama kwa jina langu. Papo hapo lango likalia. Baba.

Nilishika leso ya Susu. "Hili ndilo jiko lenyewe?" Baba akauliza, kwa ile sauti ya chini ninayoiogopa kuliko kelele. Anko akainamisha kichwa.

"Baba Ndinda," Susu akasema, "ulisema ndani. Hapa ni nje."

Baba akamtazama, akatazama moshi, akamtazama tena. Kisha akavua koti, akaokota brashi ya waya. "Likipoa tunaanza upya, Kioko. Na rangi nanunua mimi."

Sasa niko kidato cha tatu. Chakula tunapikia gesi, na mtaani Anko bado anaitwa Fundi Viatu. Lakini kila baridi ikikaribia tunafungua bomba, tunalitoa jiko na kulipaka rangi upya, na halirudi ndani kabla ya kuwashwa uani. Baba humletea Susu kiti, humfunika shuka mabegani, halafu husimama na kiberiti mkononi, akingoja aambiwe awashe.